Sinema haikwami, lakini simu ya WhatsApp inaongea kama roboti: jibu kwa Baba Nafula

Baba Nafula, shikamoo mzee wangu, na unisamehe kwa kukawia, hii wiki yote nimekua juu ya ngazi huku Mamboleo navuta nyaya kwa jengo moja jipya na nikifika nyumbani Kisumu mjini nalala na viatu.

Kwa wale hawajui, mzee ana duka la spea za pikipiki Bungoma na matawi mawili, moja Webuye lingine Kakamega. Kuna kijana amempitia akimuuzia simu za intaneti za kuweka kwa haya maduka matatu, akamwambia ati kuanzia hio siku kupiga simu ni bure. Sasa mzee anashangaa. Msichana wake Nafula ni nesi Manchester, wanaongea kwa WhatsApp jioni, na kila jioni sauti inakua kama ya roboti mara inapotea kabisa, na hapo hapo watoto sebuleni wanatazama sinema kwa waifai ileile bila kukwama ata mara moja. Kama intaneti inatosha sinema, mbona ishindwe na maneno ya mtu? Na kama inashindwa na simu moja ya nyumbani, hayo maduka matatu yatakuaje? Anauliza anunue kifurushi cha spidi kubwa ama aachane na hii story.

Mzee, usinunue spidi kubwa bado. Na yule kijana usimfukuze, lakini kuna maneno amekumezea.

Nianze na vile simu ilikua. Reli ilifika hapa Kisumu 1901, na unajua reli yetu ni njia moja tu, gari moshi likiwa katikati ya stesheni mbili lingine halikubaliwi kuingia hapo, lazima lingoje. Simu ya zamani ya mezani ilikua hivyo. Ukipiga Nairobi, mitambo inaunganisha njia kutoka kwako mpaka kwa yule unampigia, na hio njia ni yenu wawili mpaka mmoja aweke simu chini. Ata mkinyamaza, ata ukiambia mtu ngoja nitafute karatasi, njia bado imefungwa kwa jina lako na pesa inahesabika. Ndio maana mbali ilikua ghali, ulikua unakodi reli yote.

Intaneti haifungii mtu njia. Intaneti ni bodaboda. Ukisema neno, simu yako inapima sauti yako mara nyingi sana kwa sekunde, kwa kiwango kile cha simu za mezani ni mara 8,000 kila sekunde, inageuza kua namba, inazibana ziwe ndogo, alafu inakata vipande vifupi, kawaida kila kipande ni milisekunde 20 za sauti. Hesabu hapo, sekunde moja ni vipande 50. Kila kipande kinafungwa kama kifurushi, kinaitwa paketi, kinaandikwa adresi ya kule kinaenda na namba ya foleni yake, kinapakiwa kwa boda na kutumwa. Ukiita "Nafula!" polepole vile baba anaita, hio ni kama nusu sekunde, kwa hivyo jina la mtoto wako limetoka Bungoma kwa bodaboda 25. Zikifika Manchester simu yake inazipanga kwa namba, inafungua, inageuza kua sauti tena. Na hizo boda ziko barabarani pamoja na za sinema, za picha za harusi, za benki, za kila mtu, hakuna aliyefungiwa njia. Ndio maana bei ni ndogo, mnagawana barabara.

Hii kitu inaitwa VoIP, wengine wanatamka voipu, na WhatsApp ni aina moja yake tu.

Sasa tukuje kwa roboti yako. Watu wengi wanafikiria simu inakula intaneti mingi, na hapana, simu ni kitu kidogo sana. Chukua programu inayobana sauti mpaka kilobiti 24 kwa sekunde, ongeza uzito wa zile adresi kwa kila paketi, inafika kama 40 kwenda na 40 kurudi. Biti nane ni baiti moja, kwa hivyo hio yote ni kama kilobaiti 600 kwa dakika, saa nzima megabaiti 36 hivi. Video ya mtoto akicheza densi inaweza kumaliza hio kabla chai haijapoa. Shida ya simu si tumbo. Simu haina subira.

Sinema ina subira. Ukibonyeza, inakimbia mbele kuchota dakika moja ama mbili za picha na kuziweka akiba, alafu inakuonyesha polepole. Barabara ikifungana sekunde kumi hujui, unakula akiba. Paketi ikipotea njiani inaombwa tena, inatumwa tena, bado una wakati. Lakini simu itachota akiba wapi na Nafula hajasema? Maneno ya sekunde ijayo hayajatoka mdomoni mwake. Na paketi ya sauti ikichelewa haina maana kuitafuta, ikifika sentensi ishapita, ni kama mtu ameleta sufuria wakati ugali ushaliwa. Kwa hivyo simu haiombi tena, inaacha. Wataalamu wa mawasiliano ya dunia wanashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo mmoja mpaka sikio la pili, ikipita hapo sana mnaanza kuongea kwa wakati mmoja, wewe "eeh", yeye "sema baba", wote mnanyamaza, wote mnaanza tena.

Na simu yako si mjinga. Paketi isipofika kwa wakati haiachi kimya, inabahatisha. Inachukua kipande cha mwisho ilichosikia inakivuta ama kukirudia kuziba shimo. Shimo moja la milisekunde 20 ukiziba hivyo huwezi jua. Mashimo matano mfululizo ndio unasikia "naaaa-a-a-a". Kwa hivyo hio sauti ya roboti si ya Nafula na wala haitoki Manchester, ni simu yako iliyo mkononi mwako inajaribu kukisia mtoto wako alisema nini.

Alafu jambo ambalo sijui kama ulilitegemea. Sinema haikwami kwa sababu yeye ndio anasukuma wengine. Sinema haichoti pole pole kama maji ya mfereji. Inachota kwa fujo, inavuta kipande kikubwa kwa nguvu yote ya laini kwa sekunde kadhaa, inapumzika, inavuta tena. Ile sekunde inavuta, foleni inajaa pale kwa laini inayoingia nyumbani kwako, na bodaboda mdogo wa Nafula anakwama nyuma ya malori ishirini ya watoto. Hajapotea, anangoja, lakini vile nimesema kungoja na kupotea kwa simu ni kitu kimoja. Ukisikiliza vizuri utagundua roboti inakuja, inaenda, inakuja, inaenda, karibu kama pumzi. Hio ni pumzi ya sinema.

Nitakupa mfano nilioshika kwa mikono yangu. Mwalimu mmoja mstaafu hapa Milimani aliniita, kila siku saa kumi na mbili jioni simu inaharibika, na ameshabadilisha kampuni mara mbili na kuzitukana zote. Nilienda saa kumi na moja na nusu makusudi, nikakaa na laptopu nikawasha pingi, ile ya kutuma kitu kidogo na kupima kimerudi baada ya milisekunde ngapi. Inasoma 38, 41, 39, 40, safi kabisa. Tukanywa chai. Saa kumi na mbili na dakika chache mlango unafunguka, mjukuu ametoka shule, anatupa begi kwa kochi, na kwa laptopu nikaona 44, 310, 870, 925, 890. Nikamwambia kijana hebu lete simu yako. Simu ilikua imeshika waifai na inapandisha video zote amerekodi mchana kuzihifadhi huko mbali kwa seva, bila yeye kujua. Tukaiweka iwe inapandisha usiku wa manane. Pingi ikarudi 40. Mwalimu alinitazama kama mtu ametolewa jino. Yeye alikua anamsikia mkewe vizuri huko Mombasa, ni mkewe ndio alikua hamsikii, na hio ndio ilinionyesha tangu mwanzo kwamba shida iko kwa upande wa kutoka, juu kupandisha na kushusha ni barabara mbili tofauti na kwa laini nyingi za nyumbani ile ya kupandisha ni nyembamba zaidi.

Kwako wewe ndio unasikia roboti, kwa hivyo nashuku kushusha, yaani sinema, ama waifai yenyewe. Kabla ya kulipa mtu, songa karibu na rauta upige ukiwa hapo. Ukikuta inapona, shida ni ukuta na umbali, na tafadhali uitoe hio rauta nyuma ya televisheni, najua iko hapo, ya kila mtu iko hapo. Isipopona waambie watoto wasimamishe sinema dakika tano tu. Ikipona hapo, ingia kwa rauta utafute mahali pa kupanga kipaumbele, nyingi zinakuacha useme simu ya baba ipite kwanza, ama punguza ubora wa picha ya sinema, kwa skrini ya inchi 32 hakuna mtu atajua. Zote zikishindwa zima waifai upige na bando la simu, ili ujue kama ni laini ya nyumbani kweli. Spidi kubwa ingesaidia kidogo, siwezi kataa, vipande vya sinema vingeisha haraka, lakini watoto wakiwasha sinema ya pili umerudi pale pale na umelipa zaidi kila mwezi.

Umbali wenyewe usikusumbue. Ndani ya faiba, ile kebo ya nyuzi za kioo, mwanga unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kilomita 10,000 za kebo ni milisekunde 50. Vijana hawajui tulikotoka. Kabla 2009, wakati kebo za baharini SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, intaneti yetu ya kwenda nje ilikua inapitia setilaiti, na setilaiti hizo zinakaa kilomita 36,000 juu, kwa hivyo neno lako linapanda na kushuka, robo sekunde hivi, na jibu nalo robo sekunde, nusu sekunde imeisha na hatujahesabu mengine. Nakumbuka nikiwa na headfoni kwa saiba moja hapa Oginga Odinga Street, 2006 hivi, Skype, programu ya kupiga simu kwa intaneti, ilikua na miaka mitatu tu, naongea na binamu yangu Marekani na tumejifunza kusema "ova" kama polisi ndio tusigongane. Dakika zinahesabiwa kwa kona ya skrini na nusu yake ni kimya. Na hio Skype yenyewe ishafungwa, Mei 2025. Walioanza kuuza programu ya kupiga simu kwa intaneti walikua kampuni ya Israeli, VocalTec, 1995, ilikua kompyuta kwa kompyuta tu na ulihitaji maikrofoni na imani.

Sasa maduka. Kijana amekuambia bure. Kati ya Bungoma, Webuye na Kakamega ni kweli, juu sauti inapita kwa intaneti ambayo ushalipia, unabonyeza namba fupi ya ndani, tuseme 201, Webuye inalia, hakuna dakika inahesabiwa. Lakini fundi anayekupigia kutoka Chwele ana simu ya kawaida, na wewe ukimrudia, hio simu lazima itoke kwa intaneti iingie kwa mtandao wa kawaida kupitia mlango wa kampuni fulani, na huyo mwenye mlango analipisha kila dakika. Hapo ndio aliruka. Muulize bei ya kupigia laini za rununu za Kenya ni ngapi kwa dakika, na inahesabiwa kwa sekunde ama kwa dakika nzima, na akupe kwa karatasi.

Faida ambayo ningekuwekea mbele si hio ya bure kwanza. Ni namba moja. Sai nadhani kila duka lina simu yake na wateja wana namba tano zako, mbili zimekufa. Ukiwa na hii mfumo unachukua namba moja, mteja anapiga Bungoma, huyo wa kaunta ana mtu, baada ya milio mitatu inalia Webuye, wasipochukua inalia kwa simu yako mfukoni ukiwa shambani. Wa Kakamega anaweza kumpokea mteja, kugundua hio pistoni iko Bungoma, na kumrusha huko bila kumwambia "piga namba ingine". Unaona nani alipiga na hakupokelewa. Mfanyakazi akiondoka haendi na laini ya duka, na nyote mnajua hio imewahi kuwauma wangapi. Na duka likihama ng'ambo ya barabara ama likahamia Kitale namba inahama nalo, juu namba haijui ukuta, inajua akaunti. Sio kama zamani, 057 ni Kisumu na 051 ni Nakuru na waya wake umechimbiwa hapo.

Intaneti ya kutosha utakua nayo. Ata ukitumia ile sauti isiyobanwa ya kiwango cha simu ya mezani, kilobiti 64, na adresi zake ikafika 90 hivi, simu tano kwa mpigo ni kama nusu megabiti kila upande. Usikubali kuuziwa laini kubwa kwa jina la simu. Kubali kuuziwa rauta inayojua kupanga foleni.

Stima ndio itakusumbua. Ile simu ya zamani ya waya ilikua inaletewa umeme na waya wenyewe kutoka kwa mitambo, volti 48, ndio maana stima ikipotea mtaa mzima ilikua bado inalia gizani. Hii mpya rauta ikizima imekufa. Nunua yupiesi ndogo ya rauta kwa kila duka, yaani betri ya kuiwasha stima ikipotea, zile kama tofali, na uhakikishe ule mfumo unarusha simu kwa rununu yako duka likizima. Na usitupe laini za kawaida zote. Kuita 999 ama 112 usitegemee WhatsApp, haiko ya hio kazi, na ata hizi za ofisi uliza kwanza.

Kuna ugonjwa mwingine utakutana nao wiki ya kwanza, simu inalia, unapokea, wewe unamsikia yeye hakusikii, ama kinyume. Watu wanarudisha simu dukani wakifikiria maiki imeharibika. Hapana. Kubisha hodi kunafanywa na utaratibu mmoja, unaitwa SIP, na sauti inabebwa na mwingine kwa mlango tofauti. Hodi imefika vizuri lakini simu yako imempa mwenzake adresi ya ndani ya nyumba, ile ambayo nje haijulikani, ni kama kumwambia mtu wa Manchester akutumie mzigo "chumba cha pili kushoto". Mara nyingi dawa ni kuzima kitu kwa rauta kinaitwa SIP ALG, kiliwekwa kusaidia na kinaharibu. Mwambie fundi hio neno, akikukodolea macho tafuta fundi mwingine.

Na neno la siri. Mteja wangu mmoja Nakuru, simtaji, alikua na simu namba 100 na neno la siri la hio simu lilikua 100. Kuna programu za wezi ziko macho usiku na mchana zikibisha kila mlango duniani, zikapata hio, na kuanzia Ijumaa usiku simu yake ilikua inapiga nchi ambazo yeye hawezi kuonyesha kwa ramani, namba zile za bei ghali ambazo mwizi anapata mgao. Aliokolewa na kwamba alikua analipia kabla, kredo ikaisha Jumamosi. Angekua wa bili ya mwisho wa mwezi angeuza gari. Kwa hivyo lipa kabla, funga kabisa kupiga nje ya nchi, Nafula si utampigia na WhatsApp, na neno la siri liwe refu na baya kiasi kwamba wewe mwenyewe huwezi likumbuka.

Ningekua wewe ningemwambia kijana aanze na duka mbili, mwezi mmoja, bila kuzima laini za zamani.

Lakini hio ingoje. Jumamosi ukiongea na Nafula, dakika tano za kwanza sinema ikiwa imezimwa, dakika tano za pili iwashwe, na ukae umbali uleule na rauta. Muulize yeye pia anakusikia vipi wakati huo. Alafu uniandikie nani alisikia roboti, ni wewe ama ni yeye, na ilikua dakika gani.